Barua ya wazi: Tuonyesheni karatasi kabla ya nyundo

Kwa waheshimiwa wenye dhamana ya ardhi, mipango ya mji na turathi, Kaunti ya Mombasa.

Assalamu aleikum, na kwa wenzetu wa dini nyingine, salamu zetu za heshima.

Kwenye ukuta wa chumba cha mamangu, huku Kibokoni, Mji wa Kale, pana kipande cha karatasi alichokikata kwenye kalenda ya msikiti akakibandika juu ya ufa kwa uji wa ngano. Ameandika tarehe kwa penseli. Alifunzwa na babake, aliyekuwa fundi wa chokaa: ukitaka kujua kama ufa umelala au unatembea, bandika karatasi, kisha uwe unaiangalia. Kipande cha kwanza kilikaa siku sita. Siku ya saba tingatinga la ploti ya jirani, lile dogo linaloweza kupenya vichochoroni, lilianza kuchimba saa mbili asubuhi, na kufika adhuhuri karatasi ilikuwa imepasuka katikati, imenyooka kama iliyokatwa kwa makasi.

Ndipo nikaona niwaandikie, na majirani waliposikia naandika wakaniletea ya kwao, hivi kwamba barua hii sasa ina wenyewe wengi.

Nyumba iliyokuwa kwenye ploti hiyo nilizaliwa nikaikuta, na mamangu naye vilevile. Ilikuwa ya ghorofa moja, roshani yake ya mbao ikiangalia kichochoro, na ukuta wake wa kusini ndio ukuta wetu wa kaskazini. Hapo naomba mtuelewe vizuri, maana kwenye michoro ya siku hizi kila nyumba huchorwa imesimama peke yake kama kabati dukani. Za kwetu zimeegemeana. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha mtu kuingiza mkono hadi kiwiko ndani ya kidaka. Vyumba ni vyembamba kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki sana mita 3 bila kupinda. Misingi haikwenda chini mbali. Kinachoishika nyumba ni uzito wake yenyewe na bega la jirani. Ukimwondoa jirani, kisha ukachimba shimo la kina kupita msingi wangu, hata usiponigusa umenigusa.

Nyumba ile haikuanguka kwa uzee. Wenyewe walikuwa warithi kumi na mmoja, wengine Nairobi, wengine Muscat, na siwalaumu kwa kuuza. Nyumba moja huwezi kuwagawia watu kumi na mmoja ngazi na madirisha. Aliyenunua alianza na paa. Mabati yakashushwa, tukaambiwa ni matengenezo. Halafu kukanyamaza. Masika ya kwanza yakapita nyumba iko kichwa wazi, na ya pili yakapita. Muulizeni fundi yeyote wa zamani: ukuta wa matumbawe hunywa maji, kisha huyatoa jua likitoka, na utaishi hivyo umri wa vizazi, maadamu umefunikwa kichwa. Lakini maji yakiingilia juu huosha chokaa iliyo moyoni mwa ukuta, na zile ncha za boriti zilizofukiwa ndani huoza mahali ambapo jicho halifiki. Baada ya miaka miwili ikaja barua kwamba nyumba ni hatari kwa wapita njia, na ibomolewe. Na kweli ilikuwa hatari. Mkaguzi yeyote angeletwa siku ile angetia saini kwa roho safi. Hakuna aliyeuliza nani aliivua mabati.

Mlango ulitangulia kuondoka, usiku, baada ya isha. Ulikuwa wa kuchongwa, na misumari yake ya shaba tulikuwa tukiihesabu utotoni. Ulipakiwa kwenye pikapu, ukafunikwa turubai. Kijana mmoja wa mtaani akauliza unapelekwa wapi, akajibiwa unakwenda kupigwa vanishi. Hadi leo haujakauka.

Kila mjengo unatakiwa uwe na bango lenye nambari za vibali, jina la mwenye mradi, mkandarasi na mhandisi. Kwa wiki tano hapakuwa na bango. Niliwauliza vibarua, wakasema ghorofa saba. Msimamizi wao akasema tano, na bwawa la kuogelea juu. Bawabu akasema yeye kawekwa juzi. Wiki ya sita bango likaja, likatundikwa upande wa ndani wa uzio wa mabati, linaangalia shimo. Nadhani shimo lilikuwa na haki ya kujua.

Basi nikaandika barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila Mkenya haki ya kuomba waraka ulio katika ofisi ya umma, na kujibiwa ndani ya siku 21. Ofisi ya kwanza ilipokea barua yangu, ikaigonga muhuri, ikaniambia kwa kuwa mtaa ni wa kihistoria nende ofisi ya pili. Ya pili wakanikaribisha vizuri, wallahi hata kiti nilipewa, wakasema wao hushauri tu kuhusu sura ya jengo, mambo ya uzito na msingi yako kwa wa tatu. Kwa wa tatu nikakuta faili imechukuliwa na wa kwanza. Siku 21 zilipita nikiwa kwenye tuktuk. Sizitaji ofisi hizo hapa, kwa sababu najua ndani yake wamo watu waliotaka kunisaidia na hawakujua ufunguo uko kwa nani.

Hapo ndipo penye mzizi wa malalamiko yetu, waheshimiwa. Sheria ya mazingira inampa mwananchi siku 60 kukata rufaa dhidi ya leseni ya mradi. Siku 60 zatosha kwa mwenye habari. Sisi habari hutufikia kwa mlio wa nyundo, na tukifika hapo tunaingia kubishana na mawakili siku ya kwanza ilikuwa ipi, huku slabu ya pili inamwagwa.

Hatuwaombi sheria mpya. Zilizopo zatosha, baadhi yetu tumezisoma hadi usiku. Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi tangu mapema miaka ya 1990. Iko Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006. Iko Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019, isemayo asijenge mtu bila idhini ya kaunti. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inataja kushirikishwa kwa wananchi, na cha 69 kinarudia neno hilohilo kwa upande wa mazingira. Fort Jesus, ama Ngomeni kama tunavyoita sisi, iliyoanzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593, imo katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia tangu 2011. Na ngome ile bila mitaa hii itakuwa nini, kama si boma tupu lililoachwa pwani? Picha za kuikaribisha dunia Mombasa hupigwa kwetu: roshani za Ndia Kuu, mnara wa Msikiti wa Mandhry uliosimama tangu mwaka 1570 hivi, majahazi ya Bandari ya Zamani. Tukipigwa picha twaitwa urithi, tukiuliza maswali twaitwa wapinga maendeleo.

Ila tusizungumze kana kwamba tunamlilia mtalii. Mtalii akikuta mji umeharibika atakwenda Lamu. Sisi tuna mambo yetu ya kila siku, na mengine mtu wa ofisini hawezi kuyaona kwenye mchoro.

Lipo la sitara. Nyumba zetu zina ua, na ua ndiko mwanamke anakovua buibui, akakanda unga wa mahamri, akafua, akaogesha mtoto, akalala kidogo kwenye jamvi jioni upepo ukija. Waliojenga zamani walikuwa na adabu ya dirisha: hukufungua lako likaangukia ua wa mwenzio, na milango haikutazamana uso kwa uso. Mtaa wa pili kutoka kwetu, ambako jengo kama hili limeshapanda, yupo bibi wa miaka sabini na sita ambaye siku hizi hufagia ua wake mwenyewe akiwa amejitanda mtandio. Juu yake pana madirisha ishirini na nane. Ameyahesabu. Sijui ni fomu gani ya maombi ya ujenzi iliyo na mahali pa kuandika hilo.

Lipo la maji. Mombasa nzima inajua maji ya mfereji yanavyokuja, kwa zamu na kwa kudra. Katika bomba moja jembamba, jengo jipya likitia mota yake, sisi wa chini tunapata hewa. Hewa hiyo hupita kwenye mita, tukalipa. Kisha tunanunua mitungi ya lita 20 kwa mkokoteni kama kawaida, na mkokoteni wenyewe haupiti, kwa sababu kichochoro kimejaa mchanga na kokoto. Visima vyetu vya zamani, vile vya maji ya chumvichumvi tulivyokuwa tukiogea na kusafishia, mamangu amevikataza tangu harufu ibadilike. Huku kwetu maji machafu mengi huishia kwenye makaro, yale mashimo ya maji taka. Familia nne zinaweza kuishi na karo moja na kisima kimoja kwa heshima. Wapangaji wa ghorofa saba je? Nauliza, sijibu, mhandisi wa mradi ndiye alipwaye kujibu, na jibu lake limo ndani ya faili nisiyoiona.

Na lipo moja ambalo majirani waliniambia nisiliandike, eti litawaudhi wakubwa. Naliandika. Mwezi uliopita alifariki mzee wetu mmoja, nyumba ya nne kutoka kwenye mjengo. Jeneza likatoka mlangoni likielekea msikitini, watu wamelishika mabegani kwa desturi, na tulipofika kwenye kona tukakuta vyuma vimelazwa upana wote wa njia. Vibarua walikuwa wamekwenda kula. Tukarudi kinyumenyume na maiti, hatua kwa hatua, mpaka pale kichochoro kinapopanuka, tukazungukia upande wa pili. Vijana wawili walibaki nyuma wakitaka kuvitupa vile vyuma shimoni, wazee wakawazuia. Safari nyingine sina hakika watazuilika.

Mtaniambia nasi si malaika. Kweli. Nitembee nanyi kutoka kwetu hadi Makadara niwaonyeshe madhambi yetu wenyewe: ukuta wa chokaa umepigwa plasta ya simiti, unyevu umekosa pa kutokea, sasa plasta inamomonyoka vipande kama mkate wa juzi, roshani imeng'olewa likatiwa dirisha la alumini, baraza, kile kiti cha mawe cha mbele ambapo babu zetu walikunywa kahawa na kuozesha watoto, limevunjwa likafanywa duka la simu. Hayo tumeyafanya sisi. Lakini ulizeni pia kwa nini. Mwenye nyumba ya urithi akitaka kubadilisha boriti tatu zilizooza anaambiwa alete michoro ya msanifu majengo, na msanifu anataka pesa kuliko boriti zenyewe. Boriti nazo ziliadimika na kupanda bei baada ya marufuku ya ukataji miti ya 2018. Mafundi wa chokaa waliobaki wanaweza kukaa kwenye baraza moja na nafasi ikabaki. Mnyonge huyo anaogopa kibali, basi anafanya usiku, kwa simiti, kwa fundi asiyejua. Au anachoka anauza. Na anayenunua haogopi kibali hata kidogo. Hilo ndilo linalotuuma: mlango wa ofisi ni mwembamba kwa mwenye boriti tatu, na mpana kwa mwenye ghorofa saba.

Kuacha tu nyumba isimame nako si kuihifadhi. Tuliona Unguja, mwezi wa Disemba 2020, Beit al-Ajaib lilivyoporomoka sehemu yake katikati ya Mji Mkongwe, jengo la kifalme, ndani ya eneo la turathi za dunia, na watu wakafa. Hatutaki kuona hivyo Ndia Kuu. Kwa hiyo asije mtu akasema wakaazi wa Mji wa Kale wanataka kila kitu kiachwe kama kilivyo kioze. Tunataka kijengwe, hata kwa upya, kwa urefu wa mtaa na kwa uwezo wa bomba na karo. Vijana wetu wanahamia Kisauni na Mtwapa kwa kukosa pa kukaa. Likijengwa jengo la wao kukaa tutakuja na sinia la pilau siku ya kuweka msingi. Hizi zinazojengwa ni za kulala wageni kwa usiku, na bei yake kwa wiki ni kodi yetu ya miezi.

Tunaomba nini, basi? La kwanza na kubwa ni hili: kabla nyundo ya kwanza haijapiga katika Mji wa Kale, maombi ya kibali yabandikwe hadharani, na mchoro wake, na idadi ya ghorofa, na majina ya waliotia saini. Yabandikwe kwenye nyumba yenyewe upande wa nje, na kwenye mbao za matangazo za misikiti ya mtaa, kwa siku 30. Kwa Kiswahili. Msituambie ni kazi kubwa. Mwaka 2018 lilipotoka agizo la majengo ya mjini kupakwa rangi nyeupe na samawati, habari ilimfikia hata muuza viazi karai, na watu wakanunua rangi. Njia ya kutufikia mnaijua.

Pili, nyumba ikitajwa kuwa hatari, aulizwe kwanza mwenyewe paa liko wapi. Akikutwa ameivua kwa makusudi, ailipie matengenezo, na kiwanja kisimzalie kibali cha ghorofa. Mkilitenda hili mara moja tu, kwa mtu mmoja tu, mabati mengi yatarudi juu wiki hiyohiyo.

Halafu mtuwekee meza moja. Wa ardhi, wa turathi na wa mazingira wakae chumba kimoja, hata kama ni siku moja kwa wiki, hata kama ni chini ya mti hapo nje ya Ngomeni, faili iwe mezani na mwananchi aione. Hapohapo mwenye boriti tatu apewe kibali chake bila michoro ya msanifu, kwa kuangaliwa tu na fundi anayejua chokaa, na asitozwe ada. Fundi huyo alipwe na aandamane na vijana wawili wa kufunza. Gharama yake mtaifidia kwenye ada za maghorofa.

Kuhusu mjengo wa jirani yetu, tunaomba kazi isimame mpaka mhandisi asiyelipwa na mwenye mradi aje kupima ukuta tunaochangia. Hatujasema ubomolewe. Tumesema upimwe. Barua yenye saini za nyumba kumi na saba nimeipeleka kwa mkono, na nakala yenye muhuri ninayo.

Mamangu jana amebandika kipande cha nne. Mara hii amekata kwenye karatasi ya mwezi wa Rajabu, akasema ina karatasi nzito. Mkitaka kukiona, karibuni. Ukitoka Ngomeni uliza nyumba ya fundi chokaa, mtoto yeyote atakuleta. Njooni baada ya alasiri. Asubuhi mashine hunguruma, hatutasikizana, na mamangu hapendi kupiga kelele mbele ya wageni.

Wenu kwa heshima,
Mkaazi wa Kibokoni, kwa niaba ya nyumba kumi na saba zilizotia saini.